Pier Paolo Pasolini na Hukumu Zinazokinzana juu ya Kazi Zake

Mwishoni mwa mwaka 1968 na mwanzoni mwa 1969, mwongozaji wa filamu kutoka Italia, Pier Paolo Pasolini, alisafiri Uganda na Tanzania akiwa na kamera pamoja na tamthilia tatu za Aeschylus zijulikanazo kwa jina la Oresteia. Nia yake ilikuwa kuzitengenezea filamu ambayo wahusika wake wangekuwa Waafrika na mandhari yake yangekuwa ya Afrika iliyotoka kupata uhuru. Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, aliwapiga picha watu wa kawaida, akizipima nyuso zao kama zingefaa kwa wahusika wa Aeschylus. Dar es Salaam aliyateua majengo ya Mlimani yawe hekalu la Apollo. Chuo hicho kilikuwa bado ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kilipata kusimama peke yake mwezi Julai 1970. Filamu kamili haikutengenezwa kamwe. Kilichobaki ni daftari la picha liitwalo Appunti per un'Orestiade africana, yaani vidokezo vya Oresteia ya Kiafrika, lililokamilika mwaka 1970.

Wahakiki wa Ulaya wanaobishana juu ya Pasolini hulipita daftari hili kwa haraka, wakiliona kuwa kazi ya pembeni. Mtazamo huo una upungufu. Ubishi wenyewe, yaani kama kazi zake ni safari moja au ni mfululizo wa kujikana, hauwezi kuamuliwa vyema bila ya kuangalia alichokifanya Afrika Mashariki.

Pasolini alizaliwa Bologna tarehe 5 Machi 1922. Baba yake, Carlo Alberto, alikuwa afisa wa jeshi; mama yake, Susanna Colussi, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Casarsa katika jimbo la Friuli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili baba alitekwa na Waingereza katika Afrika Mashariki, akafungwa Kenya hadi vita vilipokwisha. Mwana alibaki upande wa mama, na upande wa mama ulikuwa na lugha yake. Mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 20, alichapisha Poesie a Casarsa, diwani iliyoandikwa kwa Kifriuli, lugha ya wakulima ambayo utawala wa Kifashisti haukuitaka katika maandishi. Mwezi Februari 1945 alishiriki kuasisi chama kidogo cha kuiendeleza lugha hiyo. Mwezi huo huo mdogo wake Guido, aliyekuwa mpiganaji wa msituni dhidi ya Wafashisti, aliuawa na wapiganaji wenzake waliokuwa Wakomunisti katika mgogoro wa mpakani. Licha ya msiba huo Pasolini alijiunga na Chama cha Kikomunisti. Chama kilimfukuza mwaka 1949 kutokana na mashtaka ya kimaadili, na mwanzoni mwa 1950 alikimbilia Roma pamoja na mama yake, bila kazi wala fedha.

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, hatua hii ya awali ina uzito ambao huenda mhakiki wa filamu asiuone. Mtu huyu aliingia katika sanaa kwa mlango wa lugha. Swali lake la kwanza lilihusu kinachopotea pale wasemaji wa lugha ndogo wanapoingizwa katika dola na soko la lugha kubwa. Roma alilikuta swali hilo hilo katika vitongoji vya maskini, akaandika riwaya ya Ragazzi di vita (1955) kwa lugha ya mitaani ya vijana wasio na kazi. Riwaya hiyo ilishtakiwa kwa uchafu, mahakama ikaiachia. Mkusanyo wake wa mashairi, Le ceneri di Gramsci, ulitoka mwaka 1957.

Alipogeukia kamera mwaka 1961 kwa filamu ya Accattone, alikuwa na umri wa miaka 39 na hakuwa amesomea ufundi huo. Yeye alieleza uhamaji huo kuwa ni kutafuta lugha isiyofungwa na taifa moja. Accattone na Mamma Roma (1962) ziliwaweka makabwela wa vitongojini katika picha zilizotungwa kwa heshima ya michoro ya kanisani. Waliozisifu waliona utu ukirudishiwa watu waliodharauliwa. Waliozilaumu waliona umaskini ukipambwa. Lawama ya pili haikumwacha hadi kufa kwake, na baadaye ilimfuata hadi Afrika.

Mwaka 1963 filamu yake fupi La ricotta ilimletea hukumu ya kifungo kwa kosa la kuidhalilisha dini, hukumu iliyotenguliwa baadaye. Mwaka uliofuata mtu huyo huyo, asiyeamini Mungu, alitoa Il Vangelo secondo Matteo, maisha ya Yesu kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, akaitabaruku kwa kumbukumbu ya Papa Yohane wa Ishirini na Tatu. Mama yake aliigiza nafasi ya Mariamu wa uzeeni. Katika muziki wa filamu hiyo, kando ya Bach, husikika Missa Luba, misa iliyoimbwa na kwaya ya Kamina, Katanga. Taasisi ya Kikatoliki iliitunuku. Baadhi ya wahakiki wa mrengo wa kushoto waliiona kuwa ni kusalimu amri. Mwaka 1968 mambo yalijirudia kwa namna nyingine: Teorema ilipata tuzo ya Kikatoliki Venice, kisha wakuu wa Kanisa wakailaani na serikali ikaishtaki. Mwaka huo huo, baada ya wanafunzi kupigana na polisi mjini Roma, Pasolini alitunga shairi lililowatetea polisi kwa kuwa wao ndio watoto wa maskini. Rafiki wa zamani kama mshairi Franco Fortini hakuweza tena kwenda naye. Alisafiri Afrika, basi, akiwa amegombana na karibu kila upande.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 alikuwa ameifika Kenya baada ya safari ya India, na mwaka 1962 aliandika muswada wa filamu uitwao Il padre selvaggio, kuhusu mwanafunzi wa Kiafrika katika nchi iliyopata uhuru karibuni na mwalimu wake kutoka Ulaya. Kesi ya La ricotta ilichangia kuuzuia mradi huo. Oresteia ilikuwa jaribio la pili, na alikuwa na haki nayo kwa kuwa mwaka 1960 alikwisha kuifasiri kwa Kiitaliano kwa ajili ya jukwaa.

Mantiki ya daftari ni hii. Katika Aeschylus, kisasi cha damu kinafuatwa na mahakama ya kwanza ya watu, na miungu wa kisasi, yaani Erinyes, hawaangamizwi bali wanageuzwa kuwa nguvu njema ndani ya mji mpya. Pasolini aliona katika kisa hicho mfano wa Afrika ya miaka ya 1960, iliyokuwa ikitoka katika jamii ya kimila kuingia katika dola ya kisasa. Hakutaka Erinyes wawe na sura za watu. Aliwaonyesha kuwa miti mikubwa inayotikiswa na upepo. Kugeuka kwao alikuonyesha kwa ngoma ya Wagogo, ambayo kwa maoni yake ilikuwa ibada zamani na sasa inachezwa kwa furaha tu, hali miondoko ikiwa ile ile. Vita vya Troya vilipata mwangwi katika picha za vita vya Biafra. Katikati ya filamu mtazamaji huhamishiwa ghafla Roma, ambako Gato Barbieri na waimbaji wawili weusi wa Marekani wanajaribu kuimba sehemu ya tamthilia kwa mtindo wa jazi. Sehemu hii haikufaulu sana.

Lakini jambo linalolipa daftari hadhi yake ni mjadala. Pasolini aliwakusanya wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Roma, akawaonyesha picha alizopiga na kuwauliza kama filamu iwekwe katika Afrika ya mwaka 1960 au ya siku zile. Hawakumpa alichokitarajia. Walimkumbusha kwamba Afrika ni bara, wala si nchi moja; walikataa neno kabila litumike kama ufunguo wa kila kitu; walitilia shaka ulinganisho wenyewe. Pasolini hakuzikata pingamizi hizo. Aliziacha ndani ya filamu, huku uso wake ukionekana kutahayari. Waongozaji wachache wa enzi yake walikuwa tayari kuonyesha wakisahihishwa.

Hata hivyo uungwana huo hauifuti kasoro, na wanafunzi wale walikuwa na hoja kubwa kuliko walivyopewa nafasi ya kuifafanua. Mfano wa kusini magharibi mwa Tanzania unatosha. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwezi Novemba 1965, mafuta ya Zambia yalilazimika kupitia Dar es Salaam. Magari yaliyoyabeba yalipita Iringa na Mbeya hadi mpakani Tunduma, katika eneo ambalo tangu mwaka 2016 limo katika Mkoa wa Songwe. Mwaka 1968, mwaka ule ule Pasolini alipoanza safari yake, bomba la mafuta la kwenda Ndola lilifunguliwa; ujenzi wa reli ya Uhuru ulianza mwaka 1970. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wakulima wa kahawa iliyouzwa ng'ambo. Wanyamwanga walikuwa wamegawanywa na mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza. Watu hawa hawakuwa wakisubiri Athena awafikishe katika historia. Walikuwa ndani yake kwa miongo mingi, kwa njia ya kodi, zao la biashara, mpaka na barabara. Mpango wa Pasolini, wenye ncha mbili tu za mila na usasa, hauna mahali pa kuiweka Tunduma.

Kasoro ya pili inahusu lugha, na kwa mtu aliyeanza na Kifriuli ni nzito zaidi. Mijadala iliyomo katika daftari ni ya Kiitaliano, tena ilifanyika Roma. Watu wa Kigoma na Dodoma wanaonekana. Anayewaeleza ni Pasolini. Wakati huo huo, katika lile aliloliita hekalu la Apollo, Ebrahim Hussein alikuwa akiandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, ambamo imani ya maji, umoja wa makabila na vita dhidi ya Wajerumani vimetiwa katika tanzia ya Kiswahili. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya pili ya Shakespeare. Kazi ya kuzikutanisha tanzia za kale na dola mpya ilikuwa ikifanywa pale pale, kwa lugha ya pale pale. Aliyepiga picha kuta za Mlimani hakuijua.

Baada ya Afrika Mashariki Pasolini alitengeneza Medea (1969), akiwa na mwimbaji Maria Callas, kisha filamu tatu za hadithi za kale: Il Decameron (1971), I racconti di Canterbury (1972) iliyopata Dubu wa Dhahabu mjini Berlin, na Il fiore delle Mille e una notte (1974), ambayo baadhi yake ilipigwa Yemen, Iran, Nepal na Ethiopia. Umati ulizipenda. Waigaji wakajaza masoko kwa filamu za uchi zilizojidai ni za aina hiyo. Mwezi Juni 1975 mwenyewe alizikana kwa maandishi, akisema kuwa miili ile aliyoifikiria kuwa ya watu wasioguswa na biashara ilikwisha kuguswa. Salò, filamu yake ya mwisho, iliyohamishia kisa cha Sade katika utawala wa Kifashisti wa mwaka 1944 na 1945, ilionyeshwa Paris mwezi Novemba 1975, wiki tatu baada ya kifo chake. Ilipigwa marufuku katika nchi nyingi. Roland Barthes aliilaumu kwa kukosea yote mawili, Sade na Ufashisti. Wengine waliiona kuwa kazi yake ya kweli kuliko zote.

Hapo ndipo makundi yalipoachana. Kundi moja linamthamini Pasolini wa Accattone na Injili ya Mathayo, na kuona yaliyofuata kuwa ni kuporomoka. La pili linaona kilele katika Salò. La tatu, aliloliongoza rafiki yake Alberto Moravia, linamtukuza mshairi na kuzihesabu filamu kuwa matawi ya ushairi wake. Daftari la Afrika linadhoofisha hoja za wote watatu. Linaonyesha kwamba kila alipobadili fani alikuwa akilihamisha swali la Casarsa mahali papya, akitarajia kuwakuta watu ambao soko lilikuwa halijawafikia. Hakuwakuta Kigoma, wala baadaye Yemen. Kule kujikana kwa mwaka 1975 kulikuwa kukiri kwa kuchelewa jambo ambalo wanafunzi wa Roma walimweleza miaka mitano nyuma. Kwa maana hiyo mwendo wa kazi zake ni mmoja, ila kosa lake nalo ni moja, na wanaomtetea kwa kuutaja umoja huo hawana budi kulipokea kosa pamoja nao.

Aliuawa Ostia, karibu na Roma, usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1975. Kijana Giuseppe Pelosi alihukumiwa mwaka 1976. Mwaka 2005 alikana kuwa yeye ndiye aliyeua, na suala hilo halijafungwa. Pasolini alizikwa Casarsa. Mama yake alifariki mwaka 1981 akazikwa kando yake. Sheria ya Italia inayokitambua Kifriuli kuwa miongoni mwa lugha za kulindwa ilipitishwa mwaka 1999.