Bibi Titi Mohamed na Swali la Mgeni

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akajulikana kwanza kwa kuimba katika ngoma za kina mama. TANU ilipoasisiwa mwaka 1954, siasa ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Mwaka 1955 mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, aliwauliza viongozi wako wapi wanawake wa chama hicho. Hapo ndipo Bibi Titi alipoitwa. Aliviendea vikundi vya ngoma, ambako kina mama walikwisha kuaminiana, na baada ya miezi michache wanachama wanawake walifikia 5,000. Baada ya uhuru akawa mbunge na waziri mdogo. Baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akaachiwa mwaka 1972; alifariki mwaka 2000.

Uwezo wake ulikuwapo kabla ya kuitwa; aliyekosekana ni wa kuuliza. Nasi wa Sumbawanga, katika maghala ya mahindi, karakana na ofisi zetu, tuulize wako wapi dada zetu, kisha tuwape nafasi, ujira wa haki na heshima. Allah amrehemu.