Andrew Hallidie, aliyeikosa dhahabu akaipandisha tramu kilimani

Tramu za kamba zinazopanda vilima vya San Francisco, nchini Marekani, zimekwishapita umri wa miaka 150. Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, Andrew Smith Hallidie, aliwasili California akiwa kijana wa miaka 16 kutafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata, riziki yake ilikuwa katika kamba.

Hallidie alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1836. Baba yake, mwenye asili ya Scotland, alikuwa mvumbuzi aliyemiliki hataza ya kutengeneza kamba kwa nyuzi za chuma. Mwaka 1852 baba na mwana walivuka bahari kuelekea California, ambako habari za dhahabu zilikuwa zimewavuta maelfu ya watu. Mgodi waliouwekea matumaini haukuwapa kitu. Mwaka uliofuata baba alirejea kwao, na kijana akabaki ugenini.

Ili kujikimu alifanya uhunzi, upimaji wa ardhi na ujenzi wa madaraja. Mwaka 1856, katika mgodi mmoja, aliona kwamba kamba zilizotumika kuteremshia mabehewa ya mawe zilichakaa katika siku zipatazo 75. Akaikumbuka kazi ya baba yake, akasokota kamba ya waya papo hapo mgodini, nayo ikadumu miaka 2. Mwaka 1857 alihamia San Francisco na kufungua kiwanda cha kamba hizo.

Mji huo umejengwa juu ya vilima vikali, na wakati huo mabehewa ya abiria yalikokotwa na farasi. Inasimuliwa kwamba siku moja ya mvua mwaka 1869, Hallidie aliwashuhudia farasi wakiteleza kwenye mawe ya barabara, wakaburutwa na behewa lao hadi chini ya mteremko, wakafa. Tangu hapo alitafuta njia ya kuwapumzisha wanyama hao na mzigo usiowafaa.

Jibu lilikuwa kamba ileile ya migodini. Chini ya barabara kulichimbwa mfereji, na ndani yake kamba ndefu isiyo na mwisho ikazungushwa na injini ya mvuke bila kusimama. Tramu yenyewe haikuwa na injini. Dereva alilishusha koleo kupitia upenyo uliokuwa kati ya reli, likaikamata kamba, na tramu ikaanza kupanda. Alipotaka kusimama aliiachia kamba na kufunga breki. Tramu zilizokuwa zikishuka nazo ziliishika kamba hiyo, hivyo uzito wake ukasaidia kuzivuta zilizokuwa zikipanda.

Sifa za kazi hiyo hazikuwa zake peke yake. Kibali cha awali cha kujenga njia ya namna hiyo alikuwa nacho mwanasheria Benjamin Brooks, aliyeshindwa kupata mtaji. Michoro mingi ya mitambo ilitoka mkononi mwa mhandisi Mjerumani William Eppelsheimer. Hallidie alitoa akiba yake na kuwashawishi marafiki wachache watoe fedha zao, huku wengi mjini wakiudhihaki mpango huo.

Muda wa kibali ulikuwa unakwisha tarehe 1 Agosti 1873. Kwa kumbukumbu zilizo nyingi, jaribio la kwanza lilifanyika alfajiri ya siku iliyofuata, katika mtaa wa Clay. Yasimuliwa kwamba dereva aliyeajiriwa aliutazama mteremko uliokuwa mbele yake, akakataa kuendesha. Hallidie akaushika usukani wa koleo mwenyewe, akaiteremsha tramu hadi chini, kisha akaipandisha tena salama. Kibali hakikufutwa, na Septemba mwaka huohuo abiria wakaanza kusafirishwa.

Matokeo yake yaliubadilisha mji. Vilele vilivyokuwa vikiepukwa kwa ugumu wa kuvifikia vikawa makazi ya matajiri. Miji mingine ikafuata: Dunedin huko New Zealand mwaka 1881, na Chicago mwaka 1882. Hallidie, aliyekuwa akidai malipo kwa matumizi ya hataza zake, alitajirika. Tangu mwaka 1868 hadi kufa kwake alihudumu katika baraza la Chuo Kikuu cha California.

Alifariki tarehe 24 Aprili 1900, wakati tramu za umeme zilipokuwa zikichukua nafasi ya kazi yake karibu kila mahali. Tetemeko la mwaka 1906 liliharibu sehemu kubwa ya njia zilizosalia San Francisco. Mwaka 1947 uongozi wa mji ulitaka kuziondoa tramu za mtaa wa Powell, lakini wananchi, wakiongozwa na Friedel Klussmann, walipinga na kushinda kwa kura.

Leo zimebaki njia 3, na kamba bado inazunguka chini ya barabara kwa mwendo wa kilomita 15 hivi kwa saa. Njia ya mtaa wa Clay haipo tena; tramu yake moja, namba 8, imehifadhiwa katika makumbusho ya mji huo.