Disraeli: Aliangushwa mara nne kabla ya kuingia bungeni

Kama unawaza kuwania kiti na huna digrii, unadaiwa kila kona na jina la ukoo wako halifungui mlango wowote, kuna jamaa wa zamani unafaa kumjua: Benjamin Disraeli wa Uingereza.

Alizaliwa London 1804 katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa akiwa na miaka 12. Bila ubatizo huo angesahau siasa, maana hadi 1858 kiapo cha bunge kilikuwa cha Kikristo. Babake alikuwa mwandishi, kwa hivyo njaa hakuijua. Lakini chuo kikuu hakukanyaga. Akiwa kijana wa miaka 20 alijitosa kwenye hisa za migodi ya Amerika Kusini kwa pesa za mkopo. Hisa zikaporomoka 1825, na deni likamwandama miaka na mikaka.

Sasa sikia ya uchaguzi. Juni 1832 aliwania Wycombe kama mgombea huru dhidi ya Charles Grey, mtoto wa Waziri Mkuu. Unaijua hiyo mechi, sivyo? Grey alipata kura 20, Disraeli 12. Si elfu 20, kura 20! Wapiga kura walikuwa wanaume wachache tu wa mji, na kila mmoja alitaja chaguo lake hadharani. Waulize wazazi wako kuhusu mlolongo wa 1988, utaelewa kwa nini mnyonge hashindi hivyo. Kura ya siri ilifika Uingereza 1872.

Alirudi Desemba mwaka huo huo, akachapwa. Akarudi 1835, akachapwa tena. Ndipo akachukua tiketi ya chama cha Conservative, akaenda kuwania Taunton, na huko pia wakamtupa. Wapinzani walimwita kigeugeu, na ukiniuliza mimi, hawakukosea kabisa. Lakini kuna jambo moja aliloshikilia: kwamba taasisi za kale kama ufalme na kanisa zinafaa kulindwa, na mwenye mali ana wajibu kwa maskini. Huo ndio uhafidhina wake.

Mwaka wa 1837 hatimaye akaingia bungeni kupitia Maidstone. Hapo hata wadeni walitulia kidogo, kwa sababu mbunge hakuweza kufungwa kwa deni. Hotuba yake ya kwanza ilizimwa kwa kelele na vicheko. Aliketi akiwaahidi kwamba kuna siku watamsikiliza.

Siku hiyo ilifika 1846. Chama kiligawanyika kuhusu ushuru wa nafaka, viongozi wazoefu wakahepa na Robert Peel, na waliobaki walihitaji mtu mwenye mdomo. Mwaka uliofuata Disraeli alihatarisha kila kitu: alitetea haki ya Wayahudi kuketi bungeni huku wengi wa chama chake wakipinga. Angenyamaza tu. Wenye chama walikuwa tayari wanamtazama kama mgeni.

Kuanzia hapo chama kilikaa kwenye baridi miaka mingi, na kila kiliposhika serikali hakikuwa na wabunge wa kutosha. Hata hivyo, 1867 Disraeli alipitisha sheria iliyoongeza wapiga kura karibu maradufu, wengi wao wafanyakazi wa mijini. Februari 1868 akawa Waziri Mkuu. Desemba alikuwa nje, kwani hao hao wapya walisaidia kumng'oa. Noma, ama?

Alishinda vizuri 1874 akiwa na miaka 69. Mwaka uliofuata serikali yake ilipitisha sheria za afya ya umma, za kubomoa mitaa duni na kujenga nyumba, na za kuruhusu wafanyakazi kugoma na kusimama nje ya kiwanda bila kushtakiwa. Sitakuficha upande mwingine: alipenda himaya, na vita dhidi ya Wazulu na Waafghani vilipiganwa enzi yake. Wapiga kura walimtoa 1880.

Alifariki Aprili 19, 1881. Serikali ilitaka kumpa mazishi ya kitaifa lakini wosia wake ulisema azikwe Hughenden, kando ya mkewe Mary Anne. Hughenden iko nje kidogo ya Wycombe, ule mji uliomkataa mara tatu.