Nikolai Vavilov, mtu aliyekusanya mbegu za dunia na kufa kwa njaa gerezani

Tarehe 26 mwezi wa kwanza 1943, mfungwa mmoja alikufa katika gereza la muji wa Saratov, inchini Urusi. Alikuwa na umri wa miaka 55, na njaa ilikuwa imemumaliza mwili. Mfungwa huyo ni Nikolai Ivanovich Vavilov, mtaalamu wa mimea aliyezunguka Asia, Ulaya, Afrika na Amerika akitafuta mbegu, kusudi siku moja watu waache kufa kwa njaa.

Mama anayekausha mbegu za nyanya zake na kuzifunga ndani ya karatasi mpaka musimu ujao anafanya kazi ileile ambayo Vavilov aliifanya kwa ukubwa wa dunia nzima. Ndiyo sababu maisha ya mtu huyu yanawahusu hata wale wenye bustani ndogo nyuma ya nyumba.

Mtoto wa mfanyabiashara

Vavilov alizaliwa Moscow mwezi wa 11 mwaka wa 1887. Baba yake alitoka katika jamaa ya wakulima, akaja mujini akingali kijana na kupanda mpaka kuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Wakati huo njaa ilikuwa ikirudi mara kwa mara katika inchi ya Urusi. Ile ya 1891 na 1892 iliua watu wengi sana.

Nikolai alichagua masomo ya kilimo. Mwaka wa 1913 alienda Uingereza kujifunza kwa William Bateson, mumoja wa wataalamu wa kwanza wa elimu ya urithi wa viumbe. Mwaka wa 1916 serekali ilimutuma Uajemi, kwa sababu askari wa Urusi waliokuwa huko walikuwa wanagonjwa kisha kula mikate. Alikuta kwamba ngano yao ilichanganyika na mbegu za magugu yenye sumu. Kazi hiyo ilipoisha hakurudi mara moja. Aliendelea mpaka kwenye milima ya Pamir, akikusanya mbegu za ngano kwa wakulima wa huko.

Safari za mbegu

Mwaka wa 1921 alihamia Petrograd, muji ambao baadaye uliitwa Leningrad, kuongoza ofisi ya serekali ya utafiti wa mimea. Mwaka huohuo njaa kubwa ilipiga eneo la mto Volga na kuua mamilioni ya watu.

Kuanzia hapo Vavilov hakutulia. Mwaka wa 1924 alivuka Afghanistan kwa farasi. Mwaka wa 1927 alifika Ethiopia, akapokelewa na Ras Tafari, ambaye baadaye aliitwa Haile Selassie, na akashangazwa na wingi wa aina za ngano na shayiri katika milima ya inchi hiyo. Mwaka wa 1929 alikuwa China na Japani. Mwaka wa 1930 alienda Mexico, na mwaka wa 1932 alifika Peru na Bolivia, kwenye milima ya Andes, ambako jamaa ya nyanya na ya viazi ina mizizi yake.

Kutokana na safari hizo alieleza wazo lililomufanya ajulikane duniani: pahali ambapo muche una aina nyingi zaidi, mara nyingi ndipo watu walianza kuulima zamani. Na aina hizo nyingi ni akiba. Moja inavumilia jua kali, nyingine inashinda ugonjwa, nyingine inakomaa mapema. Wakulima wakiacha mbegu za wazazi wao na kupanda aina moja tu, ugonjwa mumoja unatosha kumaliza shamba lote, na mbegu iliyopotea haifanyiki tena.

Kufikia mwaka wa 1940, chuo chake cha Leningrad kilikuwa na sampuli karibu 250.000, ghala kubwa ya mbegu kuliko zote duniani wakati ule. Hazikuwekwa tu ndani ya makopo na kusahauliwa. Mbegu ni kitu chenye uzima, nayo inazeeka. Kila kisha miaka kadhaa zilipandwa katika mashamba ya chuo, zikavunwa, zikakaushwa na kurudishwa ghalani.

Ugomvi na Lysenko

Kuanzia 1929, Stalin alilazimisha wakulima kuingia katika mashamba ya pamoja, na njaa ya 1932 na 1933 iliua tena mamilioni. Serekali ilitaka mbegu mupya zenye mavuno makubwa kwa miaka michache tu. Vavilov alijua kwamba kazi ya kuchagua na kuchanganya mbegu inaomba muda mrefu.

Trofim Lysenko aliahidi njia ya mukato. Alikana elimu ya urithi na kusema kwamba mimea inaweza kubadilishwa haraka kwa kuizoeza baridi na mazingira mengine. Stalin alimupenda. Vavilov, ambaye mwanzoni alimusaidia Lysenko kujulikana, alimupinga mbele ya watu, ingawa alijua hatari yake. Mwaka wa 1939 wataalamu wa dunia walimuchagua kuongoza mukutano wao wa Edinburgh, lakini serekali yake haikumuruhusu kusafiri.

Tarehe 6 mwezi wa nane 1940, akiwa katika kazi ya kutafuta mimea magharibi mwa Ukraine, watu wa usalama walimufuata kwa gari na kumuambia kwamba anahitajika Moscow. Hakuonekana tena kazini. Ndani ya mufuko aliouacha, wenzake walikuta ngano ya kale aliyokuwa ameikusanya siku hiyo.

Alishitakiwa upelelezi na kuharibu kilimo cha inchi. Aliulizwa maswali mara mamia, usiku na muchana. Tarehe 9 mwezi wa saba 1941 alihukumiwa kifo, kisha hukumu hiyo ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Bibi yake Yelena, naye mtaalamu wa mimea, alikuwa amekimbilia Saratov pamoja na mutoto wao Yuri. Alituma vyakula Moscow, bila kujua kwamba bwana wake amefungwa katika muji uleule.

Waliolinda ghala

Wakati huo jeshi la Ujerumani lilikuwa limezunguka Leningrad. Katika baridi ya mwisho wa 1941, posho ya watu wengi ilikuwa gramu 125 za mukate kwa siku. Ndani ya chuo cha Vavilov mulikuwa tani za muchele, ngano, mahindi na karanga. Wafanyakazi walizilinda kwa zamu, wakifukuza panya na kuchoma mbao za masanduku ili viazi visiharibiwe na baridi kali.

Hawakula. Dmitri Ivanov, mulinzi wa muchele, alikufa kwa njaa akiwa kati ya maelfu ya pakiti za muchele. Alexander Shchukin, mulinzi wa karanga, naye alikufa kazini. Wengine kadhaa waliwafuata. Musimu wa kupanda wa 1942 ulipofika, waliobaki walipanda viazi karibu na muji, huku mabomu yakianguka.

Mwaka wa 1955 serekali ilitangaza kwamba Vavilov hakuwa na kosa. Lysenko alitolewa kwenye ukubwa mwaka wa 1965. Chuo cha mbegu kingali kinafanya kazi, nacho kina jina la Vavilov.

Ghala ndogo ya nyumbani

Mahindi, maharagi, muhogo, viazi na nyanya vinavyolimwa Kivu vilitoka Amerika zamani, na vimebaki kwa sababu wakulima waliweka mbegu kizazi kwa kizazi. Jamaa inayokimbia vita inaacha mbegu hizo nyuma pamoja na nyumba.

Kuweka mbegu za nyanya za kienyeji hakuombi mashini. Tunda lililoiva vizuri linachaguliwa kwenye muche wenye afya. Mbegu zinakamuliwa pamoja na maji yake na kuachwa siku mbili ao tatu mpaka utelezi utoke, kisha zinaoshwa na kukaushwa kivulini. Zikikauka kabisa zinatiwa ndani ya chupa yenye kifuniko, na jina la aina na mwaka vinaandikwa juu yake. Kisha miaka mitatu hivi, sehemu inapandwa tena ili kupata mbegu mupya. Mbegu za dukani zilizochanganywa aina mbili hazifai kwa kazi hii, kwani zao lake halifanani na muzazi.

Jambo lingine ni kumupa jirani sehemu, ao ndugu anayekaa kijiji kingine, maana nyumba moja inaweza kuungua. Vavilov alifanya vilevile: alitawanya mbegu zake katika mashamba ya chuo sehemu mbalimbali za inchi.

Yeye mwenyewe alizikwa Saratov katika kaburi la pamoja. Mbegu alizozikusanya zingali zinapandwa.