Marehemu Shaaban Robert na Urithi Aliotuachia

Askari yeyote atumiaye Kiswahili, awe kambini Mbarara au lindoni karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ni mrithi wa marehemu Shaaban Robert, hata kama hajapata kumsoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 1 Januari, 1909, katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Baada ya masomo ya Dar es Salaam aliajiriwa mwaka 1926 kuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, akaendelea na utumishi huku akiandika. Vita Kuu ya Pili, ambamo maelfu ya askari wa Afrika Mashariki walipigana, aliitungia Utenzi wa Vita vya Uhuru. Utenzi huo ulichapishwa mwaka 1967, naye alikwisha kufariki Juni 1962.

Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Karama anashitakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa ng'ambo kutafuta mambo ya kuifaa nchi yao, nao waliporudi wakatiwa gerezani. Marehemu alituonyesha kwamba nchi inayoifungia elimu hujidhulumu yenyewe.

Leo kitabu kizima huingia katika simu ya mkononi, na hutumwa bure kwa dakika chache. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wengi wa Wakongo na Warundi waliomo huelewana kwa Kiswahili. Kwa kijana wa hapo asiye na nauli ya kufika Mbarara, wala fedha ya kununua kitabu, simu hiyo ndiyo maktaba.

Je, kumgawia ni wizi? Sheria ya Uganda ya mwaka 2006, kama ile ya Tanzania ya mwaka 1999, iliweka hakimiliki katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa Kusadikika ulikoma mwisho wa mwaka 2012. Maneno ya marehemu sasa ni mali ya umma, ingawa dibaji au michoro iliyoongezwa na wachapishaji wa baadaye yaweza kuwa na haki yake. Lakini mwandishi aliye hai bado anakula kwa kalamu yake. Kukisambaza kitabu chake bila idhini ni kumnyang'anya ujira.

Mlinzi wa sheria yampasa kuujua mpaka huo, ili asimkamate mrithi wala asimwachie mwizi.