Mkimbizi wa Izmir aliyeikingamisha injini

Mwenye kupita Mwihoko, kule karibu na Githurai upande wa Ruiru, huviona vigari vidogo vya Kijapani vikipishana na matatu. Fundi akiinua boneti ya kimojawapo, utaikuta injini imekingama, imelala toka upande wa gurudumu la kushoto hadi la kulia, wala haikuelekea mbele kama ilivyokuwa katika motokaa nyingi za wazee wetu. Mazoea huondoa ajabu. Lakini mkingamo huo una historia yake, na aliyeueneza ulimwenguni ni mtu aliyeingia Uingereza akiwa kijana mkimbizi aliyefiwa na babake.

Huyo ni hayati Alec Issigonis. Alizaliwa tarehe 18 Novemba 1906 katika bandari ya Izmir, iliyokuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Baba yake alikuwa Mgiriki mwenye uraia wa Uingereza na karakana ya mitambo. Mama yake alikuwa na asili ya Ujerumani. Vita vya Wagiriki na Waturuki vilipofika Izmir mwaka 1922, jamaa hao walichukuliwa kwa meli ya Waingereza hadi Malta. Huko baba akafariki, na mwaka 1923 mjane na mwanawe wakawasili London.

Kijana akasomea uhandisi katika chuo cha Battersea. Mkono wake ulikuwa hodari wa kuchora, lakini hesabu zilimpiga chenga: mtihani wake aliuanguka mara tatu. Hata hivyo, kalamu ilimpatia riziki. Mwaka 1936 alijiunga na kampuni ya Morris, na mwaka 1948 ikatoka Morris Minor, motokaa ambayo wazee wengi wa Mombasa na Unguja waliifahamu vyema.

Kisha ikaja kadhia ya Suez. Tarehe 26 Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji. Uingereza, Ufaransa na Israel zikaishambulia Misri, njia ya meli ikafungwa, na Waingereza wakaanza kugawiwa petroli kwa kipimo. Watu wakakimbilia vigari vya Kijerumani vilivyofanana na yai. Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC, ambayo Morris ilikuwa sehemu yake, alichukizwa navyo. Akamwamuru Issigonis aunde motokaa ndogo iliyo motokaa kweli, kwa sharti moja: atumie injini iliyokwisha kuwako kiwandani.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Injini ya silinda nne, ikiwekwa kwa urefu na sanduku la gea likaifuata nyuma, hula nafasi ya abiria. Naye alitaka gari lisilozidi sana mita 3, likae watu wanne na mizigo yao. Basi akaikingamisha injini, sanduku la gea akalitia chini yake, oili moja ikatumikia vyote viwili, na nguvu ikapelekwa magurudumu ya mbele. Magurudumu yenyewe yalikuwa ya inchi 10, na badala ya springi za chuma zikatumika raba za Alex Moulton. Injini ya sisi 948 ilipatikana kuwa kali mno, ikapunguzwa hadi sisi 848.

Insafu yataka tuseme kwamba hakuwa wa kwanza. DKW ya Ujerumani ilikwisha kukingamisha injini ndogo ya silinda mbili mwaka 1931. Wala kazi yake haikukosa ila. Mini ilipotoka tarehe 26 Agosti 1959, nyaya za plagi zilielekea mbele, mvua ikaingia na injini ikazimika njiani, hata ikabidi kutiwa kinga. Lakini gari hilo hilo dogo lilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akiunda injini nyingine mpya, ndogo na nyepesi zaidi, ili imrithi Mini. Mwaka 1968 kampuni yake ikaunganishwa na Leyland, na wakuu wapya wakaiweka kando kazi hiyo. Alistaafu mwaka 1971, na mwaka uliofuata akafiwa na mama yake, aliyeishi naye siku zote kwani hakuoa. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 2 Oktoba 1988. Mini iliendelea kuundwa hadi mwaka 2000, ikapita milioni 5, bado ikiwa na injini ile ya zamani.

Leyland hiyo hiyo ndiyo iliyoshirikiana na Serikali ya Kenya mwaka 1974 kuanzisha kiwanda cha Thika, mwendo mfupi kutoka Mwihoko. Kiwanda hicho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, na mwezi wa Desemba 2016 kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo. Injini yake imekingama. Sanduku la gea tu ndilo liko ubavuni mwa injini, kwa njia aliyoitengeneza Dante Giacosa wa Fiat mwaka 1964.

Mwihoko kwa Kikuyu ni tumaini. Mzazi ambaye mwanawe ameanguka hesabu, kabla hajamkaripia, na amtazame kwanza mkono wake.