Felix Wankel: Aliyeunda injini isiyosamehe uzembe

Injini nyingi za petroli hufanya kazi kwa pistoni kupanda na kushuka ndani ya silinda. Mjerumani Felix Wankel aliuona mwendo huo kuwa upotevu wa nguvu, akatumia zaidi ya miaka 30 kutafuta injini ambayo kazi yake yote ingekuwa kuzunguka. Aliipata, nayo ikawa nyepesi, tulivu na yenye nguvu kuliko ukubwa wake. Ikawa pia injini isiyosamehe uzembe. Mtu anayetaka leo kuibadilishia kompyuta, awe Nairobi, Kampala au Juba, atanufaika akiyajua maisha ya aliyeibuni.

Fundi asiye na cheti

Wankel alizaliwa tarehe 13 Agosti 1902 katika mji wa Lahr, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Baba yake, aliyekuwa ofisa wa misitu, aliuawa mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1921 kijana huyo aliacha masomo, akaajiriwa na kampuni ya vitabu mjini Heidelberg. Hakusoma chuo kikuu. Macho yake yalikuwa dhaifu kiasi kwamba hakuwahi kupata leseni ya udereva. Hata hivyo, mwaka 1924 alifungua karakana yake ndogo, na mwaka 1929 akapata hataza yake ya kwanza ya injini ya mzunguko.

Ukurasa mmoja wa maisha yake ni mweusi, wala haufai kufichwa. Alijiunga na chama cha Hitler mapema miaka ya 1920 na kuongoza vijana wake katika jimbo la Baden. Mwaka 1933 alifungwa kwa miezi kadhaa, lakini sababu ilikuwa ugomvi na kiongozi wa chama jimboni humo, si kuipinga itikadi. Baadaye wizara ya usafiri wa anga ilimpa karakana huko Lindau. Mwaka 1940 aliingia katika kikosi cha SS, akafukuzwa mwaka 1942. Vita vilipokwisha, majeshi ya Ufaransa yaliibomoa karakana yake na kumweka kizuizini.

Tatizo la mwanya

Katika miaka ya Lindau, Wankel alizama katika suala moja: namna ya kuziba mwanya kati ya sehemu mbili za chuma zinazosuguana kwa kasi kubwa, ili gesi isipenye. Ujuzi huo ndio uliomfungulia mlango wa kampuni ya NSU mwaka 1951. Tarehe 1 Februari 1957, injini yake ya kwanza ilinguruma huko Neckarsulm.

Ilikuwa na kasoro kubwa: rota na ganda lake vyote vilizunguka, na ili kubadilisha plagi, fundi alilazimika kuifungua injini. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, alitengeneza aina nyingine ambamo ganda husimama na rota pekee huzunguka. Wankel hakufurahishwa, lakini mpango wa Paschke ndio ulioingia sokoni.

Ndani ya injini hiyo kuna rota ya pembe tatu, inayozunguka katika nafasi yenye umbo la ganda la karanga la punje mbili. Kila pembe ina ukanda mwembamba unaoziba gesi, ambao mafundi huuita sili. Sili ikivunjika au kuchakaa, nguvu hupotea. Gari la NSU Ro 80, lililotoka mwaka 1967, lilishinda tuzo ya gari bora la mwaka barani Ulaya, lakini injini zake nyingi ziliharibika mapema, na hasara hiyo iliidhoofisha kampuni.

Japani ilivumilia zaidi. Wahandisi wa Mazda, wakiongozwa na Kenichi Yamamoto, walipambana na mikwaruzo ambayo sili zilichora ndani ya ganda hadi wakapata sili imara. Mwaka huohuo wa 1967 waliuza Cosmo Sport, kisha zikafuata RX-7 mwaka 1978 na RX-8 mwaka 2003.

Fedha za Lonrho

Mwaka 1971 Wankel na washirika wake waliiuza kampuni yao kwa Lonrho ya Uingereza kwa mark milioni 100 za Ujerumani. Lonrho ilikuwa jina kubwa Afrika. Nchini Kenya ilimiliki gazeti la The Standard, na nchini Sudan ilishiriki kuanzisha mradi wa sukari wa Kenana, unaonyweshwa na Nile Nyeupe, mto uleule upitao Juba. Miaka miwili baadaye bei ya mafuta ilipanda duniani, na injini hiyo inayokunywa petroli nyingi ikapoteza wateja. Wankel alifariki Heidelberg tarehe 9 Oktoba 1988. Hakuishi kuona Mazda ikishinda mbio za Le Mans mwaka 1991 kwa injini ya rota nne.

Somo kwa anayebadilisha kompyuta

Wanaotaka nguvu zaidi kutoka RX-7 au RX-8 huondoa kompyuta ya kiwandani, ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, na kufunga nyingine. Wengi huuliza kwanza itaongeza nguvu kiasi gani. Maisha ya Wankel yanafundisha swali lingine: italinda vipi sili?

Kwanza, sili zipimwe kabla ya kununua chochote. Hakuna kompyuta inayoziba mwanya. Pili, kompyuta iwe inaielewa injini ya rota: kila rota ina plagi mbili, moja hutangulia na nyingine hufuata, na pengo la muda kati yake likikosewa injini huumia. Tatu, katika RX-7 za mwisho na RX-8, pampu inayopeleka oili kidogo kwenye sili huongozwa na kompyuta. Kompyuta mpya isiyoweza kazi hiyo humlazimu mwenye gari kuchanganya oili katika petroli. Nne, iweze kusoma joto na shinikizo la oili na la petroli, na kupunguza nguvu yenyewe hatari inapotokea.

Juba huongeza uzito wa hoja hizi. Petroli hufika kwa malori kupitia Nimule, na sehemu yake huuzwa kwenye chupa kando ya barabara bila uhakika wa ubora. Joto nalo ni kali kabla ya mvua kuanza. Petroli dhaifu na hewa ya moto huifanya injini igonge, na kugonga mara chache tu kunatosha kuvunja sili. Kwa hiyo mipangilio iwe ya tahadhari, na kompyuta iwe ile ambayo fundi aliye karibu anaweza kuifungua na kuirekebisha. Kompyuta ghali isiyo na fundi ni sawa na jembe lisilo na mpini.

Wankel, ambaye hakuendesha gari, alitambua kwamba hatima ya injini yake ilikuwa katika mwanya usioonekana kwa macho. Anayeinunulia ubongo mpya aanzie hapo.